Namba ya siri ya mkwezi: uchambuzi wa kisa kimoja cha vifaa saidizi, Likoni

Kisa hiki ni cha mtu aliyeanguka kutoka mnazini. Nitamwita Mkwezi, kwa kazi yake, na mambo kadhaa ya nyumbani kwake nimeyabadilisha ili asitambulike. Mimi ni tabibu wa tiba kwa vitendo. Hapa Mombasa wengi hutuita tu "watu wa thirapi" na kutuchanganya na wenzetu wa mazoezi ya viungo. Kazi yetu sisi ni shughuli za mtu: kula, kuoga, kuvaa, kuswali, kulea, kutafuta riziki. Maradhi au ajali ikimnyang'anya mtu shughuli yake, tunatafuta njia ya kumrudishia, iwe kwa mazoezi, kwa kubadili nyumba anamoishi, au kwa kifaa.

Nakiandika kwa sababu kifaa cha kwanza nilichompelekea kilikuwa na thamani kuliko vyote alivyopata baadaye, na ndicho pekee ambacho hakikumfaa hata siku moja.

Mtu mwenyewe

Mkwezi ana miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto wawili, na anaishi Likoni pamoja na mama yake na mdogo wake wa kiume. Alianza kwa kuangua nazi za watu katika vijiji vya Waa na Tiwi, kusini mwa Likoni. Baadaye akawa ananunua madafu yakiwa bado mtini, anawaleta vijana wa kukwea, na mzigo unavuka feri kwa mkokoteni hadi kwa wauzaji wa kisiwani. Yeye mwenyewe hakuacha kukwea. Siku ya ajali mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mnazi ule ulikuwa na vidato vya zamani vilivyochongwa na mtu mwingine. Kidato kimoja kilikuwa kimeoza ndani. Ndivyo alivyonisimulia, kwa utulivu, kama anayeeleza hesabu ya biashara iliyokwenda kombo.

Aliumia uti wa mgongo shingoni, kiwango tunachokiita C5. Mtu wa C5 huinua mabega na hukunja viwiko, lakini kunyosha kiwiko hawezi, na kifundo cha mkono na vidole havimtii. Kuanzia kifuani kwenda chini hana nguvu wala hisia. Hayo huonekana kwa macho. Kuna mengine matatu yasiyoonekana, na ndiyo yaliyoamua karibu kila kitu katika kisa hiki.

La kwanza ni pumzi. Kiwambo cha chini ya mapafu kinafanya kazi, misuli ya mbavu haifanyi, kwa hiyo sauti yake ni hafifu na haifiki chumba cha pili. La pili ni joto. Sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha haitoi jasho ipasavyo, na mwili usiotoa jasho katika joto la Januari la pwani hupanda moto upesi. La tatu ndilo la kutisha zaidi. Mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo kuanzia katikati ya kifua kwenda juu anaweza kupandwa na shinikizo la damu kwa ghafla kwa sababu ya jambo dogo asilolihisi: mpira wa mkojo uliojikunja, choo kilichofunga, hata nguo iliyobana. Kichwa humgonga, uso humwiva, jasho humtoka juu ya jeraha. Asipoinuliwa aketi na chanzo kikaondolewa haraka, anaweza kupata kiharusi.

Tableti juu ya kabati

Faili lake lilisema hawezi kutumia simu na atafutiwe kifaa cha mawasiliano. Katika kabati letu la kazini kulikuwa na tableti ya kuongozwa kwa macho, ya msaada, haijaguswa. Mtu anatazama alama kwenye kioo, kamera inafuata mboni kwa mwanga usioonekana, na kifaa kinasema neno au kinafungua ukurasa. Niliisoma usiku mbili. Nikavuka nayo feri nikiwa na furaha ya kweli, nikiona nampelekea mtu huyu mkombozi.

Chumba chake kina mlango unaotazama mashariki, na kitanda kimeelekezwa mlangoni ili aone watu wakipita. Jua la asubuhi liliingia moja kwa moja na kamera ikashindwa kuyapata macho yake. Mwanga wa jua una ule ule usioonekana ambao kifaa hutegemea. Tukafunga mlango. Macho yakapatikana, ila chumba kikawa tanuri. Baada ya dakika ishirini uso wake ulikuwa umeiva na mama yake akaingia na kitambaa cha maji bila kuniuliza. Alimfuta paji la uso, akafungua mlango, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mapumziko kidogo."

Menyu za tableti zilikuwa za Kiingereza. Na kubwa kuliko yote, Mkwezi anaongea. Sauti yake ni ndogo, lakini maneno yake ni timamu. Nilikuwa nimempelekea kinywa mtu mwenye kinywa.

Alijaribu kwa wiki tatu, kwa heshima yangu mimi. Nilipokwenda wiki ya nne niliikuta imefungwa ndani ya kanga juu ya kabati. Nikamuuliza mbona. Akasema: "Daktari, umenionyesha kilele cha mnazi. Mimi natafuta kidato cha kwanza."

Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, Phillips na Zhao, walichapisha utafiti juu ya watu wazima 227 wenye ulemavu, na karibu vifaa 3 katika kila 10 walivyopewa vilikuwa vimeachwa. Miongoni mwa sababu walizozikuta ni maoni ya mtumiaji kutozingatiwa wakati wa kuchagua, na vifaa kupatikana kwa urahisi mno. Hiyo ya pili huwashangaza wanafunzi ninaowafundisha. Mimi ilinichoma, kwa sababu ndiyo hasa niliyoifanya: kifaa kilikuwepo kabatini, kwa hiyo nikamtafutia mtu. Na huo si upotevu unaotuhusu sisi wawili tu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni moja hawakipati. Kila wiki tableti ile ilipokaa ndani ya kanga, kulikuwa na mtu mahali fulani asiyeweza kusema lolote.

Maswali yaliyopaswa kuulizwa mwanzo

Nikaanza upya kwa kipimo tunachokitumia sana katika fani yetu, kile cha Kikanada cha utendaji wa shughuli. Mteja anataja mwenyewe shughuli zinazomsumbua, anazipa uzito, kisha anajipa alama kuanzia 1 hadi 10: naifanyaje, na naridhika nayo kiasi gani. Tabibu hachagui chochote. Nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, kalamu mkononi, nikitarajia ataanza na kula. Wengi huanza na kula.

Hakukutaja. Nilipomuuliza alisema, "Mke wangu ananilisha, na mimi sioni aibu." Alitaja kwanza kuita mtu usiku. Kisha feni. Kisha kupiga simu za madafu. Halafu akanyamaza, akamtuma mtoto nje, na akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba anataka namba yake ya siri.

Wiki ya ajali, akiwa hospitali, alimpa mdogo wake simu na namba ya siri ya M-Pesa, maana dawa zilihitaji kulipwa na mikono yake ilikuwa imelala. Tangu siku hiyo simu haikurudi. Mdogo mtu hakuiba. Alikuwa akinunua unga, akilipa ada, akipokea hela za madafu yaliyobaki, na nadhani alichoka kuliko yeyote katika nyumba ile. Lakini kila shilingi ya Mkwezi ilipita mkono mwingine, na kila jioni alisomewa salio lake mwenyewe. Katika kuridhika kwake na shughuli hiyo alijipa 1.

Kengele

Tulianza na usiku, kwa sababu usiku ndio ungeweza kumuua.

Nilinunua kengele ya mlango isiyo na waya kwa chini ya shilingi 1,500. Kitufe chake ni kidogo, kimetengenezewa kidole, kwa hiyo tulikibandikia kifuniko cha plastiki cha kopo la siagi, kipana kama kiganja, juu yake sponji. Kikafungwa kwenye mbao kando ya godoro, pale kiwiko chake kinapofika akikunja mkono. Kipokezi kilichomekwa ukutani chumbani kwa mama. Usiku wa kwanza aliita mara tisa. Mkewe aliniambia mara mbili zilikuwa za haja na saba zilikuwa za kuhakikisha kwamba wataamka.

Wiki ya pili tokeni za stima ziliisha saa nane ya usiku. Kipokezi kilikuwa cha stima tupu. Mpira wa mkojo ukajikunja chini ya paja, kichwa kikaanza kumgonga, akabonyeza, na nyumba nzima ikalala. Alibonyeza mpaka bega likachoka. Aliyemwokoa ni mwanawe mdogo aliyeamka kwenda msalani akaona uso wa baba yake. Mama, ambaye nilikuwa nimemfundisha, alimwinua akamketisha, akafuata mpira kwa mkono hadi akapata pale ulipojikunja.

Kosa hilo ni langu. Nilijua stima hukatika. Kila mtu wa Mombasa anajua. Niliipima kengele mchana, stima ikiwepo, nikaandika kwenye faili kwamba inafanya kazi. Tulibadilisha kipokezi siku ile ile, tukachukua cha betri, na sasa kuna utaratibu wa nyumba: baada ya isha, kabla taa haijazimwa, Mkwezi anabonyeza mara moja na mama anajibu "naam". Tangu hapo, kwa kila mteja, huuliza kwanza kifaa kitafanya nini stima ikipotea, kabla sijauliza kinagharimu nini.

Feni ilikuwa rahisi. Kuna soketi zinazowashwa kwa rimoti. Tukaifunga rimoti kwenye mbao ile ile. Anaiwasha na kuizima mwenyewe.

Kalamu ya foili

Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mabega yake yanatosha kuusogeza mkono juu ya kioo cha simu, ila kifundo kinaning'inia na vidole havinyooki. Dawa yake ni ya zamani kuliko simu zenyewe: banzi la kushika kifundo, na mkanda wa kiganja wenye mfuko mdogo wa kuchomekea kijiko, mswaki au kalamu. Nilimshonea kwa turubai na velkro.

Kijiti cha kawaida hakigusi simu. Kioo cha simu huhisi kitu kinachopitisha umeme, kama mwili wa mtu, kwa hiyo ncha lazima iunganishwe na ngozi. Tulichukua kijiti cha mwanzi, tukakiviringishia foili ya jikoni kutoka nchani hadi mkiani, tukafunga kipande cha sponji nchani, na ukanda wa foili ukashuka ndani ya mkanda kugusa kiganja. Sponji hulowanishwa kwa tone la maji. Mara ya kwanza alipogusa alama ya kijani ya kupokea simu na ikajibu, aliuangalia mkono wake muda mrefu.

Foili ina makali, na kiganja chake hakihisi. Jeraha dogo kwa ngozi isiyohisi linaweza kuwa kidonda cha miezi. Kwa hiyo ukingo wa foili umekunjwa mara mbili, na mkewe hukikagua kiganja kila jioni kwenye mwanga. Hili hulitaja kwa kila anayetaka kuiga.

Stendi ya simu ilitengenezwa na fundi bomba jirani kwa vipande vya paipu nyeupe za maji. Ya kwanza ilikuwa na skrubu za chuma. Hewa ya bahari ilizila kwa miezi miwili, zikaganda. Ya pili haina chuma hata kidogo.

Wengi huniuliza kwa nini sikumpa amri za sauti. Kuandika kwa kuongea Kiswahili kumekuwepo kwenye kibodi ya Google tangu 2017, na anakutumia kwa jumbe ndefu. Huongea, kisha husahihisha kwa kijiti. Lakini amri za kuiongoza simu yenyewe, kwenye simu yake, tulizipata kwa Kiingereza, na sauti yake isiyo na pumzi ilipotea kila redio ya jirani ilipowashwa. Isitoshe, namba ya siri inayotamkwa kwa sauti si siri tena.

Kitandani mambo ni tofauti. Akilala, bega haliwezi kuubeba mkono. Hapo tulitumia swichi moja. Simu za Android zina mpangilio ambapo kisanduku cha rangi hutembea chenyewe juu ya alama za kwenye kioo, kimoja baada ya kingine, na mtu hubonyeza kikifika anapotaka. Swichi yenyewe ilitoka kwenye kibodi kuukuu ya Bluetooth: fundi wa simu alichomea waya mbili kwa risasi kwenye kitufe kimoja cha ubao wake, akazitoa nje hadi kwenye kitufe kikubwa cha mashine ya mchezo. Tulianza na mwendo wa polepole sana, akashinda kila siku akiniomba niongeze kasi.

Siku ya kutoka nje

Hapa ndipo kifaa kinapoisha na kazi inapoanza. Kumrudishia mtu namba yake ya siri bila kuzungumza na aliyeishika ni kumwita mwizi mbele ya mama yake. Nilimwomba mama atuite sote. Nilimshukuru mdogo mtu kwanza, kwa kutaja aliyoyafanya moja moja, unga, ada, dawa, na sikuwa nasema kwa adabu tu. Kisha nikasema kwamba kaka yake sasa anaweza kuishika simu, na kwamba katika tiba yetu kumlipia mtu anachoweza kulipa mwenyewe ni sawa na kumbeba anayejifunza kutembea. Kijana alinyamaza. Mama akasema, "Ametosha kubeba. Apumzike." Kijana akatoa simu mfukoni, akaiweka kwenye stendi, akaielekeza kwa kaka yake.

Tulijaribu kwanza kwa kupiga *334#, menyu ya M-Pesa. Haikufaa, njia hiyo hujikata upesi, na Mkwezi alikuwa bado kwenye tarakimu ya pili ikajifunga. Menyu ya M-Pesa iliyo ndani ya laini yenyewe humsubiri mtu, kwa hiyo tukaenda huko. Nilimfungulia mahali pa kubadilisha namba, nikaseti kioo kisionekane kutoka mlangoni, na tukatoka sote, mke, mama, mdogo mtu na mimi. Tulikaa barazani. Hakuna aliyesema neno. Kwa mbali tulisikia kijiti kikigonga kioo, tok, kimya kirefu, tok. Alikosea mara moja. Tukasikia akivuta pumzi, akaanza tena.

Zilipita kama dakika saba. Kisha simu ya mama ikalia mfukoni mwa buibui. Ilikuwa shilingi hamsini, kutoka kwa mwanawe. Mama aliisoma, akaisoma tena, akaingia ndani bila kutuambia kitu.

Yaliyobaki

Miezi minne baadaye tulirudia kipimo. Katika namba ya siri alijipa 8, katika kuita usiku 7. Kwenye kipimo hiki tofauti ya alama 2 tu huhesabiwa kuwa mabadiliko yenye maana. Kula amebaki kulishwa, kwa hiari yake, nami nimeacha kuliandika kama tatizo.

Tumemsajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hupokea maombi ya vifaa saidizi. Familia haikujua kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inaitaja haki ya mtu mwenye ulemavu kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vyake. Mdogo mtu aliniomba niiandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo imebandikwa ukutani karibu na kalenda.

Sponji ya ncha huisha kila baada ya wiki chache. Mtoto mkubwa ndiye fundi wake sasa. Kitufe cha swichi kimeanza kushika kutu ndani na nitakibadilisha. Ile tableti ya macho niliivusha kurudi kisiwani. Inatumiwa na mama mmoja mwenye maradhi ya neva yaliyomlaza ulimi na mikono, kwenye chumba cha ghorofani chenye dirisha dogo, kisichoingiwa na jua. Yeye tulimuuliza kwanza.

Wiki iliyopita nilipiga hodi Likoni, na ndani hapakuwa na aliyeitikia. Mkwezi alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, simu kwenye stendi, akibishana bei na mkwezi mmoja wa Tiwi aliyetaka kuongezewa kwa kila mnazi kwa sababu ya mvua. Alikuwa akimwuliza kama amevikagua vidato. Aliniona, akainua mkono wenye mkanda na kijiti, nisubiri. Nikakaa barazani.